Ukisikia Ninaitwa, Itika

Kaka Elia, popote ulipokaa ukitazama ukuta,

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu anwani yako sina na simu yako uliiacha ikining'inia kwenye msumari. Nitairusha kwenye magrupu ya ukoo, ya Tunduma na ya ng'ambo Nakonde, na jirani yetu wa kutoa kopi ameahidi kuibandika pale wanapopandia basi za Isoka. Kama kuna mtu upande wa Zambia anamjua mwanaume mrefu, mpole, mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto, ambaye akiitwa hageuki, tafadhali amsomee.

Habari yenyewe ni hii: Jumamosi wanarithisha jina lako. Mimi, Yona, mdogo wako, nakalishwa mkekani, navishwa koti, na nikishaitika, Elia ni mimi. Njoo kabla hawajaniita. Au njoo wakiwa wananiita, simama popote uani, sema "Naam" kwa mdomo wako mwenyewe. Neno moja tu, kaka. Mkeka utakunjwa, togwa itanywewa vilevile, na mimi nitarudi Mlowo kwenye vipuri vyangu vya pikipiki nikiwa mtu yuleyule niliyetoka.

Wewe huna haja ya kuelezwa, ila watasoma na wasio wa kwetu. Kwetu mtu akifa jina haliachwi chini. Anatafutwa mdogo wake au mjukuu, anapewa maji, anafungwa ushanga mweupe mkononi, anaitwa kwa jina la aliyeondoka. Akiitika, yamekwisha. Watoto wa marehemu wanamwita baba, wazee wanamwamkia. Wazee wanaita kupyana, na hata ng'ambo wanaita hivyohivyo. Mke harithiwi siku hizi, kanisa limekataa na shemeji Atu amekataa kwa sauti kubwa kuliko kanisa. Jina tu, na kiti, na lile koti.

Koti unalikumbuka. Babu alirudi nalo kutoka kwenye migodi ya shaba, zito, la kijivu, lina harufu ya tumbaku hata leo. Alipokufa wakakukalisha wewe, mtoto ambaye meno ya mbele bado hayajajaa. Koti lilikufunika mpaka miguuni. Shangazi akaita jina la babu, "Elia!", ukaitika kwa kasauti kako kembamba, na watu wazima wakapanga foleni kukupa shikamoo. Mimi nilicheka mpaka nikapigwa kofi.

Kicheko kilinikatika jioni ile. Bibi alikuwekea chakula kwenye sahani ya babu, akakaa pembeni yako, akakuuliza polepole, kama mtu anayechokoza kidonda chake mwenyewe, "Kule migodini ulimwacha nani?" Wewe ulikuwa unatafuna. Hukuinua hata macho. Ukasema, "Nilishakwambia usiniulize hayo." Bibi akaficha uso kwenye kanga akalia, na hakukuuliza tena mpaka anakufa. Nimekuuliza mara nyingi ulijuaje kujibu vile, na kila mara unaniambia hukumbuki kusema chochote. Nakuamini, na ndicho kinachonitisha.

Halafu kuna siku ile ya mama na maharage. Tulikuwa vijana tayari, tumekaa jikoni, mama anachambua maharage kwenye ungo. Ukamuuliza kama mzaha, "Mama, kabla ya mkeka mimi nilikuwa naitwa nani?" Mikono yake ikasimama. Alifikiri, kaka. Nilimwona akifikiri kweli, midomo inacheza. Mwisho akasema, "Si Elia tu?" Ubatizo wetu ulikuja baadaye, kwa hiyo hata kanisani hakuna kitu. Mimi nami nilijaribu, sikulikumbuka. Mwanamke aliyekuzaa alikuwa amelipoteza jina alilokupa mwenyewe. Ulicheka sana siku hiyo, na mimi nikacheka kukusindikiza, lakini usiku wake hukula.

Watu wanasema uliharibiwa na yule mwalimu mzungu wa Nakonde. Mimi nasema uliharibikia jikoni kwetu, kwenye ungo wa maharage.

Na mchezo wetu je? Uani kwetu ukitupa jiwe linaangukia Zambia. Wewe ulikuwa ukivuka kwenda kucheza mpira na watoto wa kule, na giza likianza kuingia mama anatoka mlangoni anaita. Ukanifundisha: "Ukisikia ninaitwa, itika." Basi. Mama anaita "Elia!", mimi niliyejificha nyuma ya choo naitika "Naam, mama!" kwa sauti yako, anatulia, anarudi kwenye moto wake. Sauti zetu zilikuwa moja. Hakuna siku aliyogundua. Wakati mwingine alikuwa anaendelea kunituma na kunisema kupitia ukutani, anamsema Elia, na mimi najitetea kama Elia, najisikia vibaya kabisa kwa makosa yako. Ukirudi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa nije kwenye hayo mambo yako ya kukaa kimya. Ulikuwa wakala wa forodha mzuri, kila dereva pale mpakani anakujua. Ghafla ukaanza kuvuka jioni kwenda kwenye kile chumba nyuma ya duka la mabati, mnakaa wachache mmenyamaza, mwanamama wa kizungu anagonga kibakuli cha shaba. Ukawa na video kwenye simu, watawa wa Kijapani wenye vipara, nguo nyeusi, wanatazama ukuta. Zen, ukaniambia. Mara wale wengine wa muziki laini wanaosema achilia, achilia, wewe si mawazo yako. Nikakuambia mimi hao wa muziki laini siwaamini, mtu anayeongea vile lazima ana kitu anauza. Ukacheka, ukasema hao wa ukuta hawauzi kitu.

Siku uliyonifuata Mlowo tulikula chipsi mayai pale kwa mama wa kibandani, ukanieleza vizuri. Ukasema, "Yona, umimi ni kama foleni ya malori pale kwetu. Kila mtu anailalamikia. Haya, nenda kaiguse foleni. Utagusa lori, utagusa lori lingine, utagusa lingine. Foleni yenyewe hutaigusa. Haipo."

"Haipo vipi, na juzi imenichelewesha nusu siku?"

"Ndiyo hivyo. Inachelewesha watu na haipo."

"Na anayekula chipsi zangu hapo ni nani?"

"Hilo ndilo swali lenyewe," ukasema, ukachukua nyingine. Nilikupenda sana siku ile. Ulionekana mwepesi, kama mtu aliyevua koti zito. Ningejua, ningekushika mkono nisiuachie.

Maana kosa ulilifanya Isansa, kwenye msiba wa mume wa shangazi. Tumetoka kuzika, ukoo umekaa chini ya migomba pembeni ya shamba la kahawa, na kwa kawaida yetu anaanza kusema mwenye kiti cha babu. Shangazi akauliza, "Elia yupo?" Ukasimama. Uso wako ulikuwa umetulia, unang'aa hata. Ukasema taratibu, kila mtu akasikia, "Elia hayupo. Hajawahi kuwepo. Hapa hakuna mtu."

Kaka, kaka! Wewe ulikuwa unawapa dawa uliyoipata. Ungeyasema Nakonde kwenye kile chumba wangeinamisha vichwa. Lakini kwetu, kwenye udongo mbichi wa kaburi, mtu akitangaza kwamba mwenye jina lake hayupo, ametangaza msiba. Wanawake waliweka vikombe chini wote kwa pamoja. Shangazi akakuambia, "Rudisha hayo maneno." Ukamjibu, tena kwa upole, "Hayana mwenyewe, shangazi, nayarudishaje?"

Shangazi mpaka leo anasema ulikufa pale pale. Anasema kilichopanda gari na sisi kurudi Tunduma kilikuwa nguo. Nilimwambia aache ushirikina. Halafu hazikupita wiki nyingi, asubuhi moja ukatoka, viatu vyako vipo mlangoni, simu kwenye msumari. Mama anayeuza mboga upande wa Zambia, yule anayekupa fungu la chinese la nyongeza, alikuona ukipita peku. Anasema alikuita kwa heshima ya kwao, "Ba Elia! Ba Elia!" Hukugeuka. Anasema hukuwa umekasirika wala nini, ulipita kama anayeitwa ni mtu mwingine.

Tangu hapo imepita misimu miwili ya mahindi. Tumeuliza polisi, hospitali, pande zote mbili. Yule mzungu naye ameondoka, chumba kinauza simenti.

Nikueleze nyumba yako ilivyo. Pale ulipokuwa unakaa, ukutani, kuna baka la ukubwa wa uso wa mtu. Ni pumzi yako iliyofifisha rangi, najua, sijarukwa na akili. Atu alipaka rangi upya. Likarudi. Akapaka tena, ya mafuta safari hii. Likarudi, na sasa lina unyevu asubuhi. Na simu yako, ile kengele uliyoitegesha ya kukaa, inalia kila jioni, ngooo, na watoto wote wananyamaza bila kuambiwa. Tumejaribu kuifungua, namba ya siri hatuna, na ukiielekezea uso inakataa. Uso wa Atu, wa mwanao mkubwa, hata wangu. Nilimuuliza Atu kwa nini asiiache iishe chaji. Akasema, "Shemeji, mjane ana kaburi. Mimi nina ukuta na kengele. Unataka nibaki na nini?"

Ni yeye aliyekubali mkeka. Amechoka, na hana kosa. Shule wanataka baba, kikao cha ukoo kinataka mwenye kiti, na Naomi, mtoto wako wa mwisho, hakujui hata kwa picha maana picha ulizifuta. Macho yote yakaniangukia mimi nisiye na mke wala mtoto.

Na mimi naogopa. Ngoja niseme hivyohivyo bila kuzunguka: naogopa sana. Wiki iliyopita nilikaa pale kwako, mbele ya lile baka, nikafanya ulivyonifundisha. Nikajiuliza, kinachoitika ukiitwa ni nini? Nikamtafuta Yona. Mwanzoni nilimwona kila mahali, analalamikia magoti. Baadaye akawa anapungua. Pakawa kimya kizuri tu, sitakudanganya, kizuri mno. Halafu mtu akakohoa. Kile kikohozi chako cha kusafisha koo kabla ya kusema. Niligeuka, chumba kitupu. Kilikuwa kimetoka kwenye koo langu.

Jina la kwanza ulilozaliwa nalo mama alilisahau. Mimi nani atanikumbuka? Ndiyo maana naandika hapa hadharani, watu wasome: naitwa Yona. Niliwahi kuitwa Yona. Njoo Jumamosi, kaka, nakusihi.

*

Naendelea hapahapa chini ya ile ya kwanza, kwa sababu sasa nadhani uliisoma.

Jumamosi watu walijaa. Mchungaji, ili asionekane mkekani, alipata safari ya ghafla ya Vwawa, kama tulivyotegemea. Shangazi alikuja na gari la alfajiri kutoka Isansa, akanipaka mafuta kichwani, akaniambia nisiwe na wasiwasi, haiumi. Koti likaletwa. Nilidhani litanibana maana wewe ni mwembamba kuliko mimi. Likanikaa kama fundi alinipima. Nikanywa maji, ushanga ukafungwa.

Lango la uani lilikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara malori yamepanga foleni kama kawaida. Wakati shangazi anasafisha koo, nikakuona. Kati ya lori na lori. Kipara, shuka begani, peku. Umenenepa kidogo, unaonekana unakula vizuri huko. Nikasema moyoni, asante Mungu, kaja, sasa ataitika.

Shangazi akaita, "Elia!"

Nikakusubiri. Watu wakadhani nakataa, nikasikia minong'ono, Atu akainamisha kichwa. Nilikuwa nakuangalia wewe tu. Sema, kaka. Neno moja.

Akaita tena, "Elia!"

Ukatabasamu. Lile tabasamu la utotoni, la kabla hujaruka kwenda ng'ambo kwenye mpira. Nikalijua, na nikajua kitakachofuata, na sikuweza kukizuia. Nikasikia mtu anaitika, "Naam!" Sauti ilikuwa yako. Vigelegele vikapanda. Lori moja likasogea hatua mbili mbele kwenye foleni, na lilipopita hukuwepo.

Nilikuchukia pale, nikuambie ukweli. Umekuja mpaka pale, umemwona mkeo, umewaona wanao, na hukuwa na "Naam" moja ya kutupa? Wazee wakaanza kupita kuniamkia. Shangazi, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, akapiga magoti akanipa shikamoo, na nikajisikia nikiitikia marahaba bila aibu yoyote. Chuki ikawa imepoa. Sijui ilikwenda wapi. Nadhani ilikuwa ya Yona.

Jioni kengele ikalia msumarini. Nikaenda kuizima kabla haijawashtua watoto. Nilivyoishika tu, ikaniangalia uso ikafunguka.

Nilikaa nayo mkononi. Ndani hakuna kitu. Hakuna picha, hakuna namba ya mtu, hakuna ujumbe. Kengele tu, na saa. Nikaifunga, nikaiweka mfukoni mwa koti, na nilipoinua macho ukutani baka halikuwepo. Ukuta mkavu, rangi ya Atu inang'aa kama imepakwa leo.

Naomi alikuwa amesimama mlangoni. Miezi yote hii ameniita baba mdogo, akija Mlowo ananirukia, "Baba mdogo, pipi!" Akasogea, akashika pindo la koti.

"Baba," akasema. "Yule mtu aliyesimama kwenye malori, alikuwa anakuangalia sana. Ni nani?"

Kwa hiyo hata yeye alikuona. Nilitaka kumwambia, kimbia, yule ndiye baba yako. Naapa kwa Mungu nilitaka. Nikakohoa kidogo, kusafisha koo.

"Yule ni baba yako mdogo," nikamwambia.

"Anaitwa nani?"

Nikafikiri, kaka. Midomo ilicheza. Ilibidi nisome barua hii ya juu ndipo nikalipata jina.

Pita nyumbani siku yoyote, chakula kipo na mlango haufungwi. Watakuuliza jina. Waambie Yona, kwa sasa halina mtu, na nitafurahi kusikia unaliitikia.

Ujitunze huko uliko, mdogo wangu.

Kaka yako.